Siku Ambazo Sikuweza Kusujudu

Nakuandikia wewe ambaye jana hukulala. Huenda uko kambini. Huenda mmebanana katika nyumba ya jamaa. Huenda uko kwako mwenyewe na mlango una komeo, lakini moyo haujatulia. Mimi ni beki wa kati, mtu wa Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado. Nimecheza mpira kwa mkataba na kwa mshahara katika ligi kuu ya Msumbiji, Moçambola. Kisha nikaumia, nikakosa kazi, na mwaka huohuo mji wetu ukatekwa. Leo natembea, nafanya kazi, na mama yangu yu hai. Alhamdulillah. Nilipokuwa chini nilitamani sana kumsikia mtu aliyepita njia ile kabla yangu. Ndiyo maana nasema.

Nilizaliwa Milamba, karibu na bahari. Nyumbani tulisema Kimwani, sokoni Kiswahili na Kimakonde, shuleni Kireno. Mpira tuliucheza ufukweni maji yakipwa. Yakijaa, mchezo umekwisha, anayeongoza na anayefungwa wote wanakwenda nyumbani. Mchanga ule ndio ulionifundisha ubeki. Ukimwendea mshambuliaji kwa pupa, miguu inazama na yeye ameshapita. Nikajifunza kungoja. Nikajifunza kumtazama kiuno badala ya miguu, maana miguu hudanganya, kisha kumsogeza taratibu upande wa mguu wake dhaifu. Baba alikuwa akishona nyavu huku akitutazama. Aliniambia, "Beki hasifiwi, mwanangu. Lakini siku asipokuwepo, kila mtu atamtaja."

Baba alifariki kabla sijasaini mkataba wangu wa kwanza, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha dau, na dau likawa la mdogo wangu. Mimi nikafuata mpira, yeye akafuata samaki. Mama na bibi walibaki nyumbani wakituombea sote wawili.

Nilikuwa Pemba, nikichezea timu ya pale katika mashindano ya mkoa, ilipofika tarehe 5 Oktoba 2017. Alfajiri ile watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi vya Mocímboa. Nilimpigia mama tangu asubuhi, akapokea adhuhuri. Alisema wamejifungia ndani, wako salama, nisiache mazoezi. Nikaenda mazoezini. Sote tulidhani ni jambo la siku mbili, litapita. Wale watu sisi tunawaita mashababi. Walisema wanapigania dini. Bibi, aliyesoma Kurani tangu utoto wake katika madrasa za pwani yetu, alisema dini hiyo yeye haijui.

Baadaye klabu ya mkoa wa mbali ikanisajili. Nakumbuka karatasi za mkataba mezani, na kiganja changu kilivyolowa jasho hata kalamu ikateleza. Nchi yetu ni ndefu. Kutoka Pemba mpaka Maputo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,000, kwa hiyo katika safari ndefu timu za Moçambola zilipanda ndege. Mara ya kwanza kupanda ndege nilikuwa nakwenda kumkaba mtu. Mshahara haukuwa mkubwa, na kuna miezi ulichelewa, lakini ulipofika tu nilituma nyumbani kwa M-Pesa. Mama akaezeka nyumba kwa mabati. Bibi akapata dawa zake za presha bila kukopa.

Watu hawajui kwamba kazi ya beki wa kati ni kusema. Yeye ndiye anayeuona uwanja wote mbele yake, basi huzungumza dakika zote 90. Akiita "Sai!" mstari mzima unapanda ili mshambuliaji aotee. Akiita "Fecha!" beki wa pembeni anaingia ndani kuziba. Jioni sauti ilikuwa imekauka. Niliipenda kazi ile. Nilipenda kujua kwamba kipa nyuma yangu anapumua kwa sababu mimi nimesimama mbele yake.

Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaipiga pwani yetu, Macomia, Ibo na Quissanga, wiki sita tu baada ya kimbunga Idai kuubomoa mji wa Beira. Simu za jamaa zetu wa Ibo zikakatika. Siku mbili baadaye, Jumamosi usiku, tuliketi wachezaji wote mbele ya televisheni kutazama fainali ya Kombe la Ufaransa. Rennes walikuwa nyuma ya PSG mabao mawili kwa moja. Dakika ya 66 Mexer, beki wa kati, mtoto wa Maputo, akaruka akasawazisha kwa kichwa. Rennes wakalichukua kombe kwa penalti. Nililia, na sijui mpaka leo kama nililia kwa ajili ya Ibo au kwa ajili ya Mexer. Lakini usiku ule niliona njia. Beki wa nchi yetu alikuwa amefika pale. Nikaomba Mungu anipe afya nami nifike ninapoweza kufika.

Mwanzoni mwa 2020 tulikuwa tukijiandaa kwa msimu mpya. Ilikuwa mechi ya kirafiki. Uwanja mkavu. Niliruka kupiga kichwa, nikauwahi mpira, nikatua kwa mguu mmoja. Mguu ukabaki. Mwili ukageuka. Nikasikia "pa" ndani ya goti. Nilisikia kwa masikio yangu.

Kufikia isha goti lilikuwa limevimba, suruali haipiti. Daktari aliushika muundi wangu akauvuta mbele kidogo, nao ukaja. Haikupasa uje. Akaniambia kano ya ndani ya goti imekatika. Hiyo ndiyo inayouzuia muundi usitokeze mbele unapokimbia na kugeuka, na ikikatika haiungi yenyewe. Ukitaka kucheza tena lazima upasuliwe, ichukuliwe kano nyingine mwilini mwako wakutengenezee mpya, kisha ufanye mazoezi miezi tisa au zaidi. Nikauliza nani atalipa. Akatazama chini.

Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha. Haukuongezwa.

Tarehe 23 Machi 2020, alfajiri, wale watu waliingia Mocímboa, wakapandisha bendera yao, wakakaa kutwa, usiku wakaondoka. Mama, bibi na watoto wa dada yangu walijificha mikokoni, maji yakiwafika magotini. Juma lililofuata nchi ikatangaziwa hali ya dharura kwa ajili ya korona. Mpira ukasimama. Mwaka ule Moçambola haikuchezwa kabisa. Hata wenzangu wazima walikaa bila kazi, sembuse mimi. Mwenye nyumba alinivumilia, kisha uvumilivu wake nao ukafika mwisho.

Mwisho wa Juni wakarudi. Agosti wakarudi tena, na tarehe 12 bandari ikaanguka mikononi mwao. Safari hiyo hawakuondoka.

Nilimpigia mama. Hapatikani. Nilimpigia mdogo wangu. Hapatikani. Nilipiga namba za majirani, za mwalimu wangu wa zamani, za muuza duka. Sauti ileile ya yule mwanamke wa mtandao ikanijibu kila mahali. Nikakaa kwenye kitanda, goti juu ya mto, simu kifuani.

Sikuweza kukaa mbali tena. Niliuza televisheni na viatu vyangu vya mpira vizuri, nikapanda basi la Nampula, kisha la Pemba, mguu nimeunyoosha katikati ya viti na magongo nimeyakumbatia. Nikafikia kwa shangazi yangu, Paquitequete, mtaa wa wavuvi ulio chini kabisa, jirani na maji. Nyumba yake ina vyumba viwili. Ndani walikuwa wamejaa watu wa Macomia na Quissanga, na uani walilala wengine chini ya turubai. Shangazi hakuniuliza nitakaa mpaka lini. Aliniwekea mkeka karibu na mlango ili nisiwaruke watu nikitoka na magongo.

Katikati ya Oktoba 2020 madau na majahazi yakaanza kuja kwa wingi kutoka kaskazini. Ndani ya wiki chache zaidi ya watu 10,000 walishuka katika ufuko ule wa Paquitequete. Nilikwenda kila siku. Nilikaa mchangani na magongo yangu, nikitazama. Chombo kikitokea, watu wote tunasimama. Kikikaribia, kila mtu anatafuta uso wake. Wanashuka wazee wamebebwa mgongoni. Wanashuka wanawake na watoto, sufuria moja, kuku mmoja. Kuna waliojifungulia njiani, baharini. Mtu akimwona wake hupiga ukelele, na sisi tuliobaki tunakaa chini tena.

Mimi, niliyezoea kuziba njia uwanjani, nilikaa pale siwezi kuziba lolote. Siwezi kuingia majini kumpokea bibi kizee. Siwezi kubeba mtoto. Goti lilikuwa limekwama, halikunjiki wala halinyooki sawasawa. Hata swala niliswali juu ya kigoda. Msikitini nilikaa nyuma kwenye kiti cha plastiki pamoja na wazee, na wenzangu walipokwenda kusujudu wote, mimi niliinamisha kichwa tu. Niliona migongo yao. Hilo liliniuma kuliko goti.

Kisha ikaja habari ya tarehe 29 Oktoba. Chombo kimezama kati ya visiwa vya Ibo na Matemo. Kilikuwa kimejaa watu waliokimbia. Makumi wamekufa.

Hakuna aliyekuwa na majina.

Usiku ule sikurudi ndani. Nilikaa ufukweni. Maji yalikuwa yanajaa. Nilijua mama haogelei. Nilijua bibi hawezi hata kukaa sawasawa chomboni. Nikawaona. Nikafumba macho, nikawaona zaidi. Nilitaka kuomba dua. Haikuja. Ulimi ulikuwa mzito. Nikawaza mambo ambayo Mwislamu hapaswi kuyawaza juu ya nafsi yake. Maji yalifika kwenye magongo yangu. Sikuyavuta.

Shangazi ndiye aliyeyavuta. Sijui alikuwa amesimama nyuma yangu tangu saa ngapi. Aliyaweka kando, akaketi kwenye mchanga uliolowa, akanifunika na kanga yake. Hakuniambia nivumilie. Hakuniambia kila kitu kitakuwa sawa. Alisoma Fatiha kwa sauti ndogo. Akamaliza, akaanza tena. Akaendelea hivyo mpaka nikasikia mdomo wangu nao unasogea. Tulikaa mpaka adhana ya alfajiri.

Ndugu yangu unayesoma, kama umefika mahali pale, najua unavyoona. Unaona umekwisha. Nami niliona hivyo, na nilikuwa nimeamini.

Mwezi wa Novemba, baada ya adhuhuri, likaja dau dogo. Nilisimama kama desturi, bila kutegemea. Kulikuwa na mwanamke kikongwe amelazwa juu ya matanga, na kando yake mwanamke mwenye uso mweupe. Nilifikiri amepaka msiro, kama wanawake wetu wanavyopaka. Akageuka. Haukuwa msiro. Ilikuwa chumvi ya bahari, imemkauka usoni kwa siku alizokaa juani. Alikuwa mama.

Nilisahau goti. Nikaanguka majini. Watu wakaninyanyua, wakamnyanyua na yeye, tukaletwa pamoja. Hakulia. Alinishika masikio yote mawili, kama alivyonishika nilipokuwa mtoto, akasema, "Umekonda."

Bibi alikuwa hai. Watoto wa dada walikuwa hai. Nikamuuliza mdogo wangu yuko wapi. Mama akatazama nyuma, baharini. Walikuwa wamejificha visiwani kwa muda mrefu, wakila mihogo na samaki wa kuchoma mchana tu, ili moto usionekane usiku. Siku ya kuondoka, dau lilikuwa limeshazidiwa. Mdogo wangu akampakia bibi mikononi mwa mama, akalisukuma dau mpaka likaelea, akasema atafuata na chombo kingine. Hajaja. Mpaka leo ninapoandika, hajaja. Hatujasoma hitima yake. Mama hataki.

Nyumba ya shangazi ikabana zaidi. Tulikula karakata ya muhogo kutoka chungu kimoja, kwa zamu. Lakini mimi nilianza kulala. Asubuhi moja mama alinikuta nimekaa kwenye kigoda changu baada ya swala, nimeinama. Akasema, "Miaka yote umelinda goli la watu. Sasa kaa nyuma, na sisi tukulinde. Mimi nikisujudu naanza na goti lako."

Walinilinda kweli. Nikuambie namna walivyofanya, kwa sababu msaada wa Mungu niliuona ukija kupitia mikono ya watu.

Kwanza walinipa kazi. Nilijua kuandika vizuri, basi shangazi akaninunulia daftari. Nikawa ninakaa ufukweni kuandika majina ya wanaoshuka, wametoka kijiji gani, wanamtafuta nani. Mtu akija kuuliza, nampekulia. Siku ya kwanza nilipomkutanisha mtu na mkewe, nilikula nikashiba. Machi 2021 daftari lilijaa, maana tarehe 24 mji wa Palma ulivamiwa, na watu wa kule nao wakaja Pemba kwa bahari. Nilikuwa bado na magongo, lakini nilikuwa mtu mwenye kazi.

Pili, wenzangu wa mpira walinitafuta. Beki niliyecheza naye bega kwa bega alianzisha mchango kwenye simu. Hakuna aliyekuwa na fedha, maana ligi ilikuwa ikianza na kusimama kwa ajili ya korona. Wakatoa kidogokidogo. Kipa wetu alitoa glavu zake ziuzwe. Haikutosha. Bibi akafumua upindo wa nguo yake, akatoa bangili ya fedha ya kazi ya mafundi wa Ibo, aliyovishwa siku ya ndoa yake. Alikuwa ameishona mle tangu siku walipokimbia, hata njaa ya visiwani haikumfanya aitoe. Nilikataa. Akaniambia, "Mkono wangu umezeeka. Goti lako bado."

Nilipasuliwa Nampula katika mwaka huo wa 2021, baada ya Ramadhani. Walichukua kano ya pajani wakatengeneza ya goti. Nilipozinduka nilimkuta mama, na jambo la kwanza nililoliona ni tasbihi ikitembea vidoleni mwake.

Kisha zikaja siku za mazoezi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitasema wazi. Mwanzoni kazi nzima ilikuwa kulikunja taulo, kuliweka chini ya goti, na kulikandamiza kwa nguvu za paja. Basi. Unakandamiza, unahesabu, unaachia. Paja langu, lililokuwa likiwarusha washambuliaji, lilitetemeka kwa taulo. Mama alihesabu kwa Kimwani. Baadaye nikaanza kutembea baharini, maji yakinifika kiunoni, kwenye ufuko uleule nilikokaa usiku ule. Watoto waliokuja na madau walinifuata majini, wakidhani ni mchezo.

Tulikuwa katika mazoezi hayo tulipopata habari kwamba majeshi ya Msumbiji na Rwanda yameikomboa Mocímboa, tarehe 8 Agosti 2021. Watu wa Paquitequete walitoka nje. Wengine walishangilia, wengine walikaa kimya. Mama alisema tu, "Huenda atakuta njia sasa." Alikuwa anamsema mdogo wangu.

Goti liliendelea kukunjika, kidogo kila juma. Alfajiri moja nilisimama kuswali nyumbani, kigoda kiko nyuma yangu kama kawaida. Nilipofika kwenye kusujudu, sikukaa. Nilishusha goti zima. Nikashusha na lile jingine, taratibu, nikingoja lile "pa". Halikuja. Nikaweka viganja. Paji la uso likagusa mkeka. Mkeka ulikuwa wa baridi. Nilikaa pale muda mrefu, sikutaka kuinuka. Nilipotoa salamu nilimwona bibi amekaa kwenye kitanda chake, ameniangalia, mikono ameinua.

Mpira niliurudia katika mashindano ya Pemba. Nilitetemeka kabla ya mechi ya kwanza mpaka nikashindwa kufunga kamba za viatu. Kipindi cha kwanza nilikwepa kuruka. Kipindi cha pili ikapigwa kona, na mtu wangu akaruka. Nikaruka naye. Nikaupiga mpira nje. Nikatua. Goti likakaa.

Moçambola sikurudi, na sitakudanganya kwamba kila kilichopotea kilirudi. Baía de Pemba ilipopanda kucheza ligi kuu, nilikuwa miongoni mwa watu wa jukwaani, nikiimba. Nilishukuru. Mkoa wetu ulikuwa unatajwa kwa jambo jingine mbali na vita.

Nakumbuka pia usiku wa tarehe 22 Januari 2024. Tulikuwa kwa shangazi, televisheni moja na mtaa mzima, Msumbiji na Ghana, Kombe la Mataifa ya Afrika huko Abidjan. Tulikuwa tumefungwa mawili bila mpaka dakika 90 zikaisha. Geny Catamo akafunga penalti. Kisha kona, na Reinildo akapiga kichwa. Mbili kwa mbili. Watu waliruka hata mlingoti wa turubai ukaanguka. Mimi sikuruka. Nilikaa nimelishika goti langu. Reinildo ni beki, mtoto wa Beira. Mwaka uliotangulia, tarehe 25 Februari 2023, kano ya goti lake ilikatika akiichezea Atlético Madrid dhidi ya Real Madrid, kano ileile. Yeye alikuwa na klabu tajiri na madaktari wakubwa, mimi nilikuwa na bangili ya bibi. Lakini taulo na goti nayajua, na najua hakuna tajiri wa kukukandamizia taulo lako. Nilipomwona akiruka vile na kutua salama, nilisema Alhamdulillah kwa ajili yetu sote wawili.

Sasa niko Mocímboa. Nyumba ya Milamba ilibaki kuta, mabati hayapo, tumeezeka upya. Nafundisha watoto mpira. Wengine walizaliwa kambini Pemba na Metuge. Wengine walijifunza Kiswahili zaidi kwa kuzungumza na askari wa Rwanda njiani. Nawafundisha kungoja, kutazama kiuno, na kusemezana. Kuna mtoto ambaye hakuwa akitoa sauti tangu aliporudi. Nilimweka beki wa kati. Huko nyuma usiposema timu inafungwa. Siku moja akaita "Sai!" na mstari wote ukapanda.

Hofu haijaondoka yote. Pikipiki ikipita usiku wa manane, naamka. Vyeti vyangu na kadi ya hospitali nimeviweka katika mfuko wa plastiki karibu na mlango, na mama naye ana mfuko wake. Septemba 2025 watu waliuawa tena hapa mjini, na usiku ule nilijikuta nimesimama uani, mfuko mkononi, bibi mgongoni, bila kukumbuka nilivyombeba. Kulipokucha tuliswali, kisha nikaenda uwanjani. Watoto walikuja wachache. Tukacheza na hao.

Basi nikuachie haya. Usikae peke yako na simu isiyojibiwa. Nenda walipo jamaa zako, hata kama nyumba imejaa, watasogea. Ukipewa chakula, kula. Ukipewa kazi ndogo, ishike, hata kama ni daftari tu. Kama wewe ni mchezaji na goti limevimba, usicheze juu yake kwa kumwogopa kocha; goti ni lako, msimu ni wa klabu. Na kama kuna mtu wako ambaye hajarudi, usiruhusu mtu akuharakishe kusoma hitima. Sisi bado tunamwekea mdogo wangu sahani.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru mama, bibi, shangazi yangu wa Paquitequete, na wenzangu waliotoa walichokuwa nacho. Na wewe, kama leo ulimi ni mzito na dua haiji, usijilaumu. Mwambie mtu mmoja tu, "Niombee." Mimi niliombewa nikiwa siwezi, na dua zile ndizo zilizonifikisha hapa.